Siku Tulipolimwaga Bwawa la Ssalongo

Siku mliponiaga ofisini mliniomba niseme machache, nami nikasema machache kweli. Nikashukuru, nikakata keki, nikaketi. Baadaye yule binti aliyerithi meza yangu alinisindikiza hadi langoni, akaniuliza jambo ambalo wenzake, nadhani, walikuwa wakiliuliza nyuma ya mgongo wangu. Kwa nini kila mfanyakazi mpya nilimpeleka kwanza kutazama bwawa lisilo na maji? Nilimwambia nitamwandikia. Habari za vyeo na mishahara sitazitaja. Zimo kwenye faili, na humo zimeandikwa vizuri kuliko zilivyotokea.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi, hapa hapa Kampala. Baba alikuwa sajini wa polisi, Mwislamu wa West Nile. Mama alikuwa Mwacholi na Mkatoliki, na ndiye aliyenipa jina la Akello. Lugha ya baba haikuishinda ya mama, wala ya mama haikuishinda ya baba, kwa hiyo tukalelewa na Kiswahili. Jirani zetu wa nje ya kambi hawakukipenda. Kwao kilikuwa lugha ya kuulizwa kitambulisho. Kwangu mimi kilikuwa lugha ya uji na ya kusuka nywele, na mpaka leo nikifikiri jambo zito nalifikiri kwa Kiswahili cha baba, kilichonyooka kama gwaride.

Siku yangu ya kwanza kazini, kama mkaguzi wa mabwawa, bwana ghala alinipa buti za mpira zilizotengenezewa mwanamume mwenye miguu kama mitumbwi. Nilipomwambia hazinitoshi alisema nizivalie soksi. Kesho yake nilikwenda sokoni Nakivubo nikajinunulia zangu. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Mkisubiri za ghala mtastaafu pekupeku.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Injinia Mutua, Mkamba wa Machakos, Mkenya aliyekuja Kampala kujenga bwawa moja akabaki kuyatunza mengine yote. Aliishi Ggaba, karibu na soko la samaki, akiimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lao. Alikuwa mtu wa maneno machache. Safari yetu ya kwanza tulifika kwenye bwawa la ng'ombe, nami nikakimbilia ukingoni, kwa sababu maji yalikuwa yanang'aa na ndege weupe wamesimama humo. Nilipogeuka sikumwona. Alikuwa ameshuka upande wa pili, nyuma ya tuta, ameinama majanini kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Akaniuliza nimeona nini kule juu. Nikamwambia nimeona maji.

"Maji hata ng'ombe anaona," alisema. "Njoo nyuma."

Hiyo ndiyo shule yangu yote. Bwawa la udongo hukaguliwa nyuma yake. Mbele limejipamba; nyuma ndiko linakougulia. Alinionyesha majani mabichi mahali ambapo kiangazi kilipaswa kuyakausha, maana yake maji yanapita chini. Alinionyesha vichuguu, mashimo ya kenge, na miti ambayo watu huipanda juu ya tuta wapate kivuli, bila kujua kwamba mizizi inatafuta maji yale yale tunayoyazuia. Kisha akatoa mfukoni chupa ya kioo iliyokuwa ya jemu, akakinga maji yaliyokuwa yakichuruzika chini ya tuta, akaiinua juu kuelekea mwanga. Yalikuwa meupe. Akasema kila bwawa la udongo hutoka jasho, hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni siku jasho likitoka na udongo, kwa maana bwawa limeanza kuliwa kutoka ndani.

Vyombo vyangu miaka yote vilikuwa ufito wa chuma wa kuchomea ardhi, panga, kamba yenye mafundo, na chupa ya jemu. Nyinyi mna vyombo vizuri zaidi, vinavyosema vyenyewe. Vitunzeni. Lakini mwe na chupa, maana haihitaji betri.

Mabwawa niliyoyapenda zaidi, na yaliyonisumbua zaidi, ni yale madogo ya mashambani ambayo watu wameyafanya mahali pa starehe. Bwawa kubwa lina walinzi na wageni kutoka ng'ambo. Bwawa dogo lina mtu mmoja mwenye ndoto. Nilimkuta meja mstaafu aliyefuga bata bwawani kwake. Ile njia ya pembeni inayotorosha maji ya mafuriko alikuwa ameiwekea geti la chuma lenye kufuli, ili samaki wasikimbie. Nilipomwuliza ufunguo uko wapi alisema anao mkewe, na mkewe yuko Gulu. Tulilikata lile geti tukiwa naye, na bata wake wakitutazama. Huyo tulimalizana naye kwa kicheko. Si wote.

Ssalongo nilimjua kwa sababu ya Mutua, aliyenipeleka kwake mwaka wangu wa pili au wa tatu kazini. Kwa Baganda, baba wa mapacha huitwa Ssalongo na mama yao Nnalongo, na jina hilo huyafunika mengine yote. Sikumwita jina jingine maishani mwangu. Alikuwa ameuza mashuka na mablanketi Kikuubo, katikati ya Kampala, tangu ujana, katika kichochoro ambamo mtu na mzigo hawawezi kupishana. Alipochoka na kusukumana alinunua shamba magharibi ya mji, saa chache kwa gari, ukiacha lami. Shambani palikuwa na bwawa la zamani lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Aliyelijenga hakuna aliyemkumbuka kijijini. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, bwawa limebaki.

Alinieleza kwamba miaka yote Kikuubo hakuwahi kuona kitu kilichotulia. Ndiyo maana aliyatazama yale maji akaona biashara. Alinunua boti za kukanyaga zenye vichwa vya bata maji, akajenga mabanda ya nyasi, na mkewe Nnalongo akawa anapika kuku wa kufungwa kwenye majani ya migomba. Jumapili walikuja watu kutoka Kampala, hasa watu wa kawaida: familia za askari, wafanyabiashara wa Kenya na makanisa yao, watu wa saluni, watoto ambao maji mengi pekee waliyokuwa wameyaona ni mafuriko ya mtaro wa Nakivubo.

Siku ya kwanza alipolisikia jina langu alifurahi sana. Akello, kwa watu wa mama yangu, ni mtoto wa kike anayezaliwa akifuatia mapacha, na kweli nilifuatia mapacha. Kwa Baganda mtoto huyo ni Kizza.

"Basi wewe ni Kizza yangu," alisema. "Mapacha yangu ilikuwa inangojea wewe."

Tangu siku hiyo aliniita Kizza. Nikisema kata miti hii juu ya tuta, alikata ingali midogo. Nikisema toa mifuko ya mchanga uliyoiweka kwenye njia ya mafuriko ili maji yapande, alinung'unika juma zima kisha akaitoa. Katika kazi yetu mtu wa namna hiyo ni nadra. Wengine hukutazama kama askari wa barabarani.

Baba alipostaafu polisi alikuwa mtu asiyejua la kufanya na mikono yake. Mama alikuwa ameshafariki. Siku moja nilimchukua kwenda kwa Ssalongo, nikamwacha ukingoni na fimbo ya kuvulia, nami nikaenda kukagua. Niliporudi nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia imeshuka usoni, anacheka peke yake kwa sababu samaki mmoja, ngege, alikuwa amekula chambo akakimbia. Sikukumbuka lini nilimwona baba akicheka peke yake. Kuanzia hapo nilimpeleka kila nilipopata Jumapili. Ssalongo alimtengea sehemu yake, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukaa hapo.

Mutua alistaafu naye, na bwawa likabaki mikononi mwangu. Na katika miaka hiyo ndipo nilipoona, chini ya tuta, kando ya mdomo wa bomba la chuma la zamani lililokuwa likiwanywesha ng'ombe, unyevu ambao haukuwapo. Mwaka uliofuata ulikuwa mchirizi mwembamba. Maji yake yalikuwa meupe. Koki ya lile bomba ilikuwa imeshikana kwa kutu, haifunguki wala haifungiki, na bomba lenyewe hakuna aliyejua hali yake huko ndani.

Dawa yake si siri, mmeisoma. Unafunika sehemu inayovuja kwa matabaka ya mchanga na kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki, kisha unaliziba bomba bovu kitaalamu. Kwa bwawa dogo kama lile ni kazi ya siku chache. Ssalongo alisema ataleta malori ya kokoto mwenyewe. Lakini kazi kama hiyo kwenye tuta lazima isainiwe na mhandisi mwenye mamlaka, na kabla ya kusainiwa lazima ijulikane bwawa ni la nani kiserikali. Hapo ndipo tulipokwama. Watu wa mifugo walisema hakuna ng'ombe. Watu wa utalii walisema halimo kwenye vivutio vyao. Wakubwa zetu sisi wa maji walisema watu hawayanywi, wanayachezea tu. Kila niliyemwendea alikuwa mpole, aliniketisha, akanipa chai. Katika maisha yangu sijawahi kunywa chai nyingi kama nilivyokunywa kwa ajili ya lile bomba.

Nilikwenda Ggaba kumweleza Mutua. Tulikaa nje ya nyumba yake, wachuuzi wakipita na samaki vichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nisiendelee kulitazama tuta peke yake, nitazame walio chini yake. Nilipokwenda tena nilitazama, nikaona nilichokuwa nikikipita kila siku. Bondeni, ambako zamani palikuwa na migomba tu, sasa palikuwa na watu waliofuata maji na wageni: wafyatua matofali na matanuri yao, shule ndogo ya chekechea, na kila Jumapili soko la mboga na nguo kuukuu, mama wamekaa chini na watoto migongoni.

Jumapili yenyewe nilikuwa likizo. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na siku ile ilikuwa imepumzika, jua limetoka, watu wamejaa. Kwaya moja ya Wakenya ilikuwa imekuja na basi la kukodi. Baba alikuwa kwenye ndoo yake. Sikuwa na sababu ya kwenda nyuma ya tuta isipokuwa mazoea. Nimekwenda nyuma ya mabwawa hata nikiwa nimevaa viatu vya harusi.

Mchirizi haukuwa mchirizi tena. Maji yalikuwa yakitoka kando ya bomba kwa msukumo, unene wa mkono, na yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mbele yake udongo laini ulikuwa umejilundika kama unga chini ya jiwe la kusagia. Niliuchukua nikausugua vidoleni. Ulikuwa mwekundu uleule wa tuta. Hapo hata chupa sikuihitaji.

Nilimpigia simu Mutua. Nilimweleza rangi, nikamweleza kasi. Aliuliza swali moja.

"Chini kuna watu?"

Nikamwambia wapo, na soko limejaa.

"Basi mbona unanipigia mimi?"

Nikakata simu. Nilimwendea kwanza baba, nikamweleza kwa maneno mafupi kama alivyotufundisha. Alilaza fimbo yake, akatelemka bondeni. Mimi nilikuwa nimewaza jinsi ya kuwashawishi wale watu kwa Luganda kizuri cha adabu. Baba alisimama katikati ya soko akaita kwa Kiswahili, sauti ya sajini, kwamba kila mtu apande mlimani upande wa kanisa, sasa hivi, mizigo baadaye. Hakueleza lolote. Walipanda. Ndiyo mara pekee niliyofurahi kuona watu wakikiogopa Kiswahili chetu.

Ssalongo nilimkuta akielekeza magari. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma, akaona mwenyewe. Akaniuliza nataka nini. Nilimwambia tuta lenyewe tusiliguse. Twende pembeni, kwenye ile njia ya mafuriko iliyochimbwa kwenye kilima, udongo mgumu ambao haukuletwa na mtu. Tuichimbe iende chini, maji yatoke huko polepole, mzigo upungue. Kadiri maji yanavyoshuka ndivyo tuta linavyopumzika.

"Na ikitoka, bwawa inabaki nini?" aliuliza.

"Haibaki kitu, Ssalongo. Kidimbwi."

"Nani atairudisha?"

Ningeweza kumwambia ofisi. Ilikuwa rahisi, na yeye alitaka niliseme hilo. Nikamwambia, "Ofisi sijui itafanya nini. Maji najua yatafanya nini."

Alitazama upande wa boti. Mtoto mmoja alikuwa anakataa kushuka kwenye bata maji lake, na mama yake anamvuta. Ssalongo alivua koti lake la Jumapili, akalikunja vizuri kama mtu wa mashuka, akalitundika kwenye mti. Akaenda kuchukua jembe. Yeye ndiye aliyepiga la kwanza.

Walimfuata wafyatua matofali, ambao kuchimba ndiyo kazi yao, kisha wanakwaya wakavua majoho yao ya buluu wakashika masepetu na sufuria za Nnalongo. Nilisimama kwenye mtaro nikiwaelekeza wasipanue, wazamishe. Maji yalipoanza kupita yalikuwa kidogo, baadaye yakapata nguvu, yakageukia mteremko wa kushoto. Njia hiyo haikupita sokoni wala shuleni, lakini ilipita kwenye matanuri. Matofali mabichi yaliyokuwa yamepangwa kukauka yaliyeyuka mbele ya wenyewe, nao bado wamebeba masepetu mkononi. Hakuna aliyenitukana wakati ule.

Siku ya pili maji yalikuwa yameshuka sana na uvujaji kando ya bomba ulikuwa umelegea. Siku chache baadaye palibaki tope, na katika tope ngege wakirukaruka. Watu wa vijiji vyote walikuja na mabeseni. Ilikuwa kama sikukuu, isipokuwa wenye nyumba walikuwa wamefunga mlango. Mtu mmoja alimpa baba ngege mkubwa. Alimrudisha. Nyumbani hakunilaumu, alisema kazi ni kazi, akaipandisha fimbo yake juu ya kabati, na hakuishusha tena. Nilimwambia kuna mahali pa kuvulia Ggaba. Alisema Ggaba kuna kelele.

Kisha wakaja wataalamu na wakubwa. Walipiga picha, wakalisifu jambo hilo kuwa hatua nzuri ya tahadhari, wakasema bwawa litatengenezwa katika bajeti ijayo. Nililiamini neno hilo mwaka wa kwanza. Nililifuatilia mwaka wa pili, wa tatu, na mingine ambayo sikuihesabu, na chai ikarudi palepale. Bwawa lenye maji lilikuwa hatari, kwa hiyo angalau lilikuwa na watu wa kulizungumzia. Bwawa tupu halimtishi mtu. Sikulifikiria hilo siku ile, wala sidhani ningefanya vingine kama ningelifikiria, lakini nalijutia mpaka leo: kwa kuondoa hatari niliondoa pia sababu pekee ya wakubwa kuja.

Kijijini maneno yalianza. Wakasema nilitumwa na mtu anayetaka ile ardhi. Wafyatua matofali walihama. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye watoto wake walikuwa katika ile chekechea, aliniuliza mbele ya watu kama nina hakika bwawa lingevunjika. Nilimwambia sina hakika. Ndiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa na dalili, nami nilizifuata. Mutua aliniambia nizoee, kwamba bwawa lisilovunjika halina shahidi. Alisema hivyo kunifariji, kisha akahama akarudi kwao Machakos, na mpaka leo tunapigiana simu kuzungumza habari za magoti yetu.

Ssalongo alikaa miaka michache akingoja. Boti zilipauka juani, zimeinamia upande mmoja kwenye nyasi. Halafu akarudi Kikuubo, safari hii si mwenye duka, bali akimshikia mpwa wake duka, akikunja mashuka ya mtu mwingine. Nilikuwa nikipita pale nikanunua mashuka ambayo sikuyahitaji. Watoto wangu wanashangaa mpaka leo kwa nini kabati letu limejaa. Alinipokea vizuri kila mara, akanitafutia kigoda. Ila hakuniita Kizza tena. Aliniita nnyabo, kama alivyomwita mteja yeyote wa kike.

Mara moja tu aliligusa jambo la bwawa. Alikuwa anakunja shuka, mimi nimeshika ncha ya pili.

"Lakini nnyabo, ingevunjika kweli?"

"Sijui, Ssalongo."

"Mimi pia sijui," alisema. "Nikirara naona inavunjika. Nikiamka naona ilikuwa nzima."

Tukamaliza kukunja. Baba alikufa mwaka uliofuata, na Ssalongo alikuja matangani, akaketi na wazee wa polisi asiowajua, akakaa mpaka mwisho. Baada ya miezi si mingi tukamzika yeye, kule shambani, juu kidogo ya mahali ambapo zamani yalikuwa mabanda.

Sasa unajua, binti yangu, kwa nini niliwapeleka pale. Sikutaka kuwaonyesha ushujaa. Nilitaka muone jinsi uamuzi wetu unavyoonekana siku ya pili: nyasi, boti mbovu, na swali lisilo na jibu. Niliona mtu asiyeweza kulivumilia hilo heri atafute kazi ya barabara.

Lakini jibu lilikuja. Lilikuja mwaka wangu wa mwisho kazini, na hilo sijamwambia mtu ofisini. Kampuni moja iliyokuwa ikitengeneza barabara ya kijiji ilipewa ruhusa kuchukua udongo wa lile tuta, kwa kuwa halikuwa na kazi. Mashine yao ya kuchimba ilipofika kwenye bomba ilisimama. Msimamizi wao aliuliza hapa na pale, akapewa namba yangu, akanipigia kuuliza kama pale palikuwa na handaki la vita.

Nilikwenda peke yangu. Walikuwa wamelikata tuta wima kama mkate. Bomba lilikuwa limeoza, limebaki magamba, na juu yake, kuanzia nyuma ya tuta, kulikuwa na tundu ambalo ningeweza kuingia nikitambaa. Kuta zake zilikuwa laini kama ndani ya chungu. Lilikwenda ndani, likaendelea, likakoma karibu na upande uliokuwa wa maji. Udongo uliokuwa umebaki kati ya tundu lile na bwawa lote haukuzidi urefu wa mkono wangu.

Niliweka mkono wangu pale nikapima. Kisha nikaketi chini kwenye tope, suti ya ofisini na yote. Nilidhani siku ile, kama ingefika, ningefurahi. Nilichofanya ni kugeuka kutafuta mtu wa kumwonyesha. Baba hayupo. Ssalongo hayupo; kaburi lake linaonekana kutoka pale. Alikufa akiota linavunjika na akiamka likiwa zima.

Nnalongo alikuwa hai, na yuko hai bado. Alikuwa analima maharage ndani ya bwawa lenyewe, mahali palipokuwa kina cha boti. Tope la bwawa lina rutuba. Nilimwendea nikamsalimu, tukasalimiana kwa urefu kama inavyopasa, kisha nikamwomba aje aone kitu. Alikuja taratibu, amejishika kiuno. Alisimama mbele ya lile tundu. Nilimweleza ni nini, na mahali lilipofika, na lilikuwa limebakiza nini siku ile ya kwaya. Aliinama akatazama ndani muda mrefu.

"Watoto wa ile soko wangekufa," alisema.

"Ndiyo, Nnalongo."

Aliendelea kutazama. Nikadhani amemaliza, nikaanza kutafuta maneno juu ya mumewe, jinsi alivyopiga jembe la kwanza. Hakuningoja.

"Na hii, wakati ilikuwa ndogo, wangeweza kuziba?"

Ningeweza kumweleza habari za ofisi, mifugo na utalii, saini na bajeti. Nilikuwa nazo zote kichwani kwa mpangilio.

"Wangeweza," nilisema. "Ilikuwa kazi ya siku chache."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Kisha akarudi shambani, akainama, akaendelea kung'oa maharage yake. Nilivua koti nikainama kando yake. Mstari ule ulipoisha, akanionyesha ulipoanzia mwingine.